Rivyu ya kitabu cha Kapusta na Gale (kwaki kwenye joto na msongamano): sasa hivi ni bure, ila soma hii kabla hujaprinti

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke mapema. Upande wa joto hiki kitabu nakipa nyota tano. Upande wa msongamano nakipa tatu na nusu, na hiyo moja na nusu niliyokata sio yote ya kuwalaumu waandishi, hisabati yenyewe ndo imekwama pale na mpaka leo haijakwamuka vizuri.

Jina lake ni Finite-Temperature Field Theory: Principles and Applications, wameandika Joseph Kapusta na Charles Gale, wachapaji Cambridge University Press. Toleo la kwanza Kapusta alitoa peke yake 1989, la pili wakawa wawili mwaka 2006, alafu 2023 Cambridge wakaiachia PDF bure kihalali kabisa, kwahiyo hamna haja ya kuhangaika na zile tovuti za kuchakachua zinazokujazia simu matangazo ya kamari. Ila angalizo, na hili naomba mlishike: ukiona 2023 pale mwanzoni usijidanganye kwamba umepata kitu kipya, maandishi ni yale yale ya 2006, wamefungua tu mlango. Hili lina madhara nitayataja mbele.

Kwa ambaye hajui kinahusu nini: ndani ya protoni na neutroni kuna kwaki zimefungwa na gluoni, hazitoki. Sasa ukizipasha moto mpaka MeV 155 hivi (MeV ni kipimo cha nishati, wanafizikia wanakitumia kupimia joto pia), ambayo ni kama trilioni 1.8 za Kelvin (katikati ya jua ni milioni 15 tu, piga picha mwenyewe), au ukizibana kama zinavyobanwa tumboni mwa nyota ya neutroni, hizo protoni zinapoteza mipaka yake na unabaki na supu ya kwaki na gluoni. Swali linalotafutwa ni la kawaida sana ukilisikia, hiyo supu ina presha kiasi gani kwa joto T na msongamano fulani, na msongamano hapa hauingizwi moja kwa moja, unaingia kupitia herufi moja tu ya Kigiriki, mu, yaani gharama ya nishati ya kuongeza chembe moja zaidi. Hisabati yote ya kitabu kizima ni msako wa kitu kimoja, patisheni fankisheni, Z. Ukiipata Z umemaliza: ukichukua logi yake unapata presha, ukitafuta derivativu ya hiyo presha kwa T unapata entropia, kwa mu unapata idadi ya chembe. Tatizo ni kuipata.

Sasa sura ya pili ndo sababu ya mimi kukaa kuandika haya yote. Nimeona vitabu vingi vinavyoipita hii hatua mbiombio kana kwamba kila mtu kazaliwa anaijua. Jamaa wanachukua Z, ambayo ndani yake kuna e kipeo cha minus H (nishati ya mfumo) gawanya kwa T, alafu wanakuonyesha kwamba hicho kitu kinafanana kabisa na kile kinachosukuma mfumo wa kwantamu mbele kwenye muda, tofauti ni kwamba muda umegeuzwa kuwa dhahania (umezidishwa na i, kipeuo cha pili cha −1) na una urefu wenye kikomo, kuanzia sifuri mpaka 1/T. Basi. Joto limegeuka kuwa urefu wa muda dhahania, likizidi kuwa kali ule urefu unazidi kuwa mfupi. Bosoni (chembe za kundi la gluoni) zikimaliza huo mzunguko zinarudi zilivyokuwa, fermioni (kundi la kwaki) zinarudi na alama ya kutoa mbele. Kutokana na hilo tu masafa yote yanakuwa ya kuhesabika: 2πnT kwa bosoni na (2n+1)πT kwa fermioni. Ni mbinu ya Matsubara ya mwaka 1955, na kinachofurahisha ni kwamba kila kitu kinachofuata kwenye kitabu, hata yale ya kutisha kule sura ya 9, kinasimama juu ya hiyo alama ya kutoa. Kwa nini gluoni zina tatizo la masafa ya chini na kwaki hazina? Kwa sababu n ikiwa sifuri bosoni inapata sifuri, fermioni inabaki na πT. Ukilielewa hili umeshalipia bando lako.

Alafu kuna kipande kitamu ambacho nashauri ukifanye kwa mkono wako mwenyewe kwenye karatasi, usisome tu. Chukua kwaki zisizo na masi, aina moja, rangi tatu (jina tu la chaji ya kwaki, sio rangi ya macho), spini mbili. Ukitafuta presha yake peke yake kwa T na mu yoyote unapata intigrali ambayo haifungiki kwa fomula ya kawaida. Ukienda kwa antikwaki nayo haifungiki. Sasa zijumlishe zote mbili, kwaki na antikwaki, na ghafla uchafu wote unakatana unabaki na vipande vitatu tu: 7π²T^4/60, jumlisha μ²T²/2, jumlisha μ^4/4π². Hakuna makadirio hapo, ni jibu kamili. Mi niliangalia ile karatasi nikacheka peke yangu. Na kipande cha mwisho, kile cha μ^4, ndo presha inayobaki hata joto likiwa sifuri kabisa, yaani kwaki zinasukuma kwa sababu tu zimebanwa. Hapo ndo joto na msongamano vinakutana kwenye mstari mmoja, na ndo sehemu pekee ya safari nzima ambapo vinakaa pamoja kwa amani.

Ukitaka kupima kama umeelewa, fanya hii ya modeli ya mfuko, inayochukulia kwaki zimefungiwa ndani ya mfuko unaobanwa na presha B. Upande mmoja weka gesi ya pioni (chembe nyepesi za kwaki na antikwaki), digrii tatu za uhuru. Upande wa pili weka gluoni 16 na kwaki za aina mbili 21, jumla 37, alafu toa presha ya mfuko B. Presha zikilingana ndo joto la mpito. Inatoka T sawa na kama 0.72 ya kipeuo cha nne cha B, ukiweka hicho kipeuo kuwa MeV 200 unapata MeV 144. Hesabu ya dakika chache na jibu linakaribia sana la ukweli, maana kompyuta kubwa za kundi la HotQCD mwaka 2019 zilitoa 156.5 kujumlisha au kutoa 1.5. Lakini msishangilie. Hiyo modeli inakwambia mpito ni wa kishindo, kama maji yanavyochemka, wakati kompyuta zinasema kwa masi halisi za kwaki na mu ikiwa sifuri ni mpito laini, hamna mstari unaouvuka, mambo yanabadilika taratibu. Kwahiyo namba imekaribia na tabia imekosewa, na ukiwa mwalimu wa somo hili hapo ndo pa kukaa na wanafunzi muda mrefu, maana wengi wakishapata namba wanafunga daftari.

Sasa tuje kwenye pertabesheni, ambayo ni kusema anza na gesi huru alafu ongeza masahihisho kidogo kidogo kwa vipeo vya g, nguvu ya mshikamano. Kapusta mwenyewe ni mmoja wa waliojenga hii njia, sahihisho la g^3 ni kazi yake ya 1979, kwahiyo anaandika kama fundi anayekuonyesha ukuta aliojenga na wapi una ufa. Na ufa upo mkubwa. Kwa gluoni peke yake presha ni ile ya gesi huru mara [1 − 3.75(α/π) + 30(α/π)^1.5 na kuendelea]. Weka α (ambayo ni g²/4π) ya 0.3, namba ya kawaida tu kwa joto tunaloongelea. Sahihisho la kwanza linatoa 0.36, sawa. La pili linaongeza 0.89!! Yaani sahihisho la pili ni kubwa kuliko la kwanza zaidi ya mara mbili na presha sasa imepita hata ya gesi huru, wakati latisi (hesabu za kompyuta kubwa, nitazieleza mbele) inasema kwenye joto kama mara mbili hadi nne ya lile la mpito presha iko chini ya gesi huru. Watu wakaendelea tu, g^4 wakina Arnold na Zhai 1994, g^5 mwaka uliofuata Zhai na Kastening, namba zinaruka juu chini, juu chini. Na ukifika g^6 kuna ukuta wa Linde, wa mwaka 1980, michoro yote ya Feynman (kila mchoro ni kipande kimoja cha hesabu) kuanzia yenye lupu nne, yaani vitanzi vinne, kwenda juu inachangia kwa kiwango kile kile, isiyo na mwisho, huwezi kuimaliza kwa kalamu hata ukipewa karne. Chanzo ni ile n ya sifuri ya bosoni niliyoitaja juu, gluoni za sumaku hazina kinga kwenye masafa ya chini.

Kinachonifanya nikisifu hiki kitabu ni kwamba hakifichi hili. Kinakupeleka mpaka ukutani kinakwambia huu hapa ukuta, alafu sura ya 9 kinakuonyesha ile mbinu ya Braaten na Pisarski ya 1990 ya kukusanya upya zile lupu za moto ili angalau sehemu ya umeme iwe na adabu. Sio nyepesi hiyo sura. Nasema tu ukweli, ukiwa hujawahi kusoma kwantamu fildi yoyote hutatoboa, na sio aibu, rudi nyuma semista mbili alafu uje tena.

Latisi, sura ya 10, ni fupi. Fupi mno kwa ladha yangu. Inakupa wazo la Wilson la 1974, kukata anga na muda kuwa vitone na kuacha kompyuta ibahatishe mipangilio ya gluoni kwa uzito unaostahili, inakupa jinsi ya kuweka fermioni, alafu inaondoka. Kama mpango wako ni kufanya masta ya latisi hiki ni utangulizi tu, tafuta kingine.

Na hapa ndo pa kuongelea msongamano, kwa sababu kila mtu anayeuliza "kwa nini tunajua sana joto na hatujui msongamano" jibu liko hapa. Kompyuta inapobahatisha inahitaji uzito uwe namba chanya, ndo maana ya kubahatisha kwa uwezekano. Uzito huo una detaminanti ya kwaki ndani yake, namba moja inayobeba mchango wa kwaki zote. Mu ikiwa sifuri detaminanti ni namba halisi, shwari. Ukiweka mu ya kweli, kwaki na antikwaki hazilingani tena, na detaminanti inakuwa namba changamano, inazunguka zunguka ina kila alama, na unachotafuta ni kile kidogo kinachobaki baada ya vitu vikubwa kukatana. Ni sawa na kutafuta salio la shilingi mia tano kwenye daftari la duka la jumla ambalo mamilioni yanaingia na mamilioni yanatoka na kila namba imeandikwa kwa kukadiria. Mbaya zaidi ugumu unapanda kwa kasi ya eksiponenti kadri ujazo unavyoongezeka, kwahiyo kununua kompyuta kubwa zaidi hakukusaidii kihivyo. Hili ndo linaitwa tatizo la alama.

Kuna njia za kulizunguka na zote zina mguu mmoja mfupi. Unaweza kupanua presha kwa vipeo vya μ/T, na kwa kuwa Z haijali alama ya mu unapata vipeo shufwa tu, kazi inapungua nusu, lakini ukienda mbali na sifuri mfululizo unakosa nguvu, ukikaribia μ ya barioni (chembe za kwaki tatu kama protoni) mara tatu ya T uanze kuwa na wasiwasi. Unaweza kuweka mu dhahania, maana hapo detaminanti inarudi kuwa halisi, alafu ukarudisha matokeo upande wa kweli, ila Roberge na Weiss walionyesha 1986 kwamba ukifika π/3 (kwa mu ya kwaki gawanya kwa T) unagonga mpito mwingine kabisa, kwahiyo uwanja wako ni mdogo. Au unabahatisha kwenye mu sifuri alafu unapima upya uzito. Fodor na Katz walifanya hivyo, karatasi yao ya 2002 ikaweka ncha ya mpito (pale mpito laini unapogeuka kuwa wa kishindo) kwenye mu ya barioni MeV 725, ya 2004 wakiwa na masi halisi za kwaki na latisi kubwa zaidi ikashuka mpaka 360. Njia ile ile, watu wale wale, namba imekatika nusu! Siwacheki, walikuwa wakweli kuandika vile, ila inakuonyesha jinsi ardhi ya pale ilivyo laini. Wapo wanaojaribu mambo ya Langevin changamano na mengineyo, ni uwanja wa watu wenye moyo.

Kitabu kwenye msongamano kinafanyaje? Kina sura ya 11 ya maada ya nyuklia iliyobanwa, modeli ya Walecka na nduguze, imeandikwa vizuri, ni ya neutroni na protoni lakini, sio kwaki. Kina vipande vya maada yenye kwaki strenji (aina mojawapo ya kwaki) na vya rangi kuwa supakondakta ndani ya sura ya 8. Hicho cha supakondakta ndo ninachokipenda upande huu: kwenye msongamano mkubwa sana kwaki zinashikana mbili mbili kama elektroni kwenye chuma baridi, na Son alionyesha 1999 kwamba pengo la nishati (gharama ya kuvunja hizo jozi) linaenda kama e kipeo cha minus 3π²/(√2 g). Angalia hiyo g, ni g ya kawaida chini ya mstari, sio g². Kwa elektroni za kawaida ungetegemea g², kinacholeta tofauti ni gluoni za sumaku zile zile zenye mkono mrefu ambazo kule kwenye joto zilituletea ukuta wa Linde. Huku zinafanya pengo liwe kubwa zaidi. Na usijaribu kulipata kwa kupanua vipeo vya g, fomula ya aina hiyo haina mfululizo, kila kipande cha mfululizo kitakupa sifuri.

Pale ambapo umri wa kitabu unauma ni sura za mwisho, migongano ya viini na nyota. Mwaka 2006 mashine ya kugonganisha viini ya RHIC kule Marekani ilikuwa na miaka michache tu na ile ya LHC kule CERN haijagonganisha viini vya risasi (yale madini) hata mara moja, kazi hiyo ilianza Novemba 2010. Nyota za neutroni zenye uzito wa karibu jua mbili, ambazo zimefuta modeli nyingi laini, zimekuja 2010 na kuendelea, na yale mawimbi ya graviti ya GW170817, ya nyota mbili za neutroni kugongana, ni ya 2017. Siku hizi hesabu ya msongamano inafanywa kwa kubana pande mbili: chini una nadharia ya nyuklia inayoaminika mpaka karibu na msongamano wa kawaida wa kiini, juu una pertabesheni inayoanza kuaminika kama mara 40 ya huo msongamano, na katikati, ambako ndo nyota zenyewe zilipo kwa bahati mbaya, unachora mistari yote inayowezekana bila kuvunja sheria ya kasi ya mwanga, alafu unafuta ile inayokataliwa na nyota zilizopimwa. Hii yote hamna humu na haiwezi kuwemo. Ukisoma sura ya 16 soma kwa ajili ya mbinu, namba za vipimo tafuta karatasi mpya za arXiv (tovuti ya bure ya karatasi za utafiti).

Kwa wanaouliza kama kuna mbadala, upo, nao ni bure: Laine na Vuorinen, Basics of Thermal Field Theory, ipo arXiv tangu 2017. Hao wanakuandikia hatua zote, hawarukiruki, na wana sura nzima ya msongamano. Ila ni wakavu, hawakwambii kwa nini mtu anahangaika na hiyo intigrali. Kapusta na Gale wanakwambia kwa nini alafu wanaruka mistari mitatu katikati ya hesabu. Mi natumia viwili pamoja, huyu kwa maana, yule kwa mistari iliyorukwa, na nadhani ndo matumizi sahihi.

Mambo madogo madogo: usijaribu kusoma kwenye simu, fomula ndefu zinakuwa vidudu, tablet ya kawaida inatosha. Mazoezi ya mwisho wa sura usiyaruke, hasa ya sura za 1 mpaka 3, ni mafupi na yanajenga mkono. Ukienda stesheneri usiprinti kitabu kizima, kina kurasa zaidi ya mia nne na utalia ukiambiwa bei ya kubaindi. Printi sura ya 1 mpaka 3, ya 8 na ya 9, upande mmoja mmoja tu wa karatasi ili nyuma ubaki na nafasi ya kumalizia zile hatua walizoruka. Zilizobaki soma kwenye skrini.